Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (Portland, Dorset, Uingereza, 19 Agosti 1923 – Williams Island, Florida, Marekani, 18 Aprili 2003) alikuwa mwanahisabati na mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza aliyefanya kazi kwa muda mrefu nchini Marekani.

Anajulikana hasa kwa kubuni modeli ya uhusiano, yaani njia ya kutunza kumbukumbu za kompyuta katika majedwali na kuziuliza maswali bila kulazimika kujua zimewekwa wapi. Hifadhidata nyingi zinazotumika leo katika benki, hospitali, shule na ofisi za serikali zimejengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika fani ya kompyuta.

Marafiki na wafanyakazi wenzake walimwita Ted.

== Maisha ya awali ==

Codd alizaliwa katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa bidhaa za ngozi na mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Alisoma katika shule ya sekondari ya Poole, kisha akapata nafasi katika Chuo cha Exeter cha Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alisoma hisabati na kemia.

Masomo yake yalikatishwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alijiunga na Jeshi la Anga la Uingereza akawa rubani katika kikosi cha ulinzi wa pwani, akirusha ndege kubwa za Sunderland ambazo hutua juu ya maji. Vita vilipokwisha alirudi Oxford kumaliza shahada yake.

Mwaka 1948 alihamia New York, Marekani. Muda mfupi baadaye aliajiriwa na kampuni ya IBM kama mwanahisabati wa kuandaa programu, wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba kizima na watu waliojua kuitumia walikuwa wachache sana duniani.

== Kuondoka na kurudi Marekani ==

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Seneta Joseph McCarthy aliongoza msako wa watu walioshukiwa kuwa Wakomunisti nchini Marekani. Watu wengi walipoteza kazi kwa tuhuma tu. Codd alichukizwa na hali hiyo, na mwaka 1953 aliacha kazi akahamia Ottawa, Kanada, ambako aliishi miaka kadhaa.

Mwaka 1957 alirudi Marekani na IBM. Huko alishughulikia kompyuta iliyoitwa STRETCH. Kazi yake ilikuwa kuiwezesha mashine hiyo kuendesha programu kadhaa kwa zamu, ili programu moja inapongoja data, nyingine iendelee. Siku hizi hata simu ya mkononi hufanya hivyo, lakini wakati ule lilikuwa jambo jipya.

Baadaye alirudi darasani akiwa mtu mzima. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1965, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Tasnifu yake ilihusu mashine za kinadharia zinazoweza kujizalisha zenyewe. John von Neumann alikuwa ameonyesha kwamba mashine ya namna hiyo inawezekana kwa kutumia seli zenye hali 29. Codd alionyesha kwamba hali 8 zinatosha. Kazi hiyo ilichapishwa kama kitabu mwaka 1968.

== Hali ya hifadhidata kabla ya Codd ==

Katika miaka ya 1960 taasisi kubwa zilianza kutunza kumbukumbu nyingi katika kompyuta. Mifumo iliyotumika ilikuwa ya aina mbili kuu.

* Mfumo wa ngazi, ambamo kila kumbukumbu iko chini ya nyingine, kama matawi ya mti. Mfano wake ni IMS ya IBM, iliyotengenezwa wakati wa mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini.
* Mfumo wa mtandao, ambamo kumbukumbu zimeunganishwa kwa viungo vingi vinavyopita huku na huko. Mwasisi wake alikuwa Charles Bachman, aliyeunda mfumo wa IDS katika kampuni ya General Electric.

Mifumo yote miwili ilifanya kazi, tena kwa kasi. Tatizo lilikuwa kwamba mtu aliyetaka jibu alilazimika kujua njia ya kulifikia. Mwanaprogramu aliandika hatua moja baada ya nyingine: anza hapa, fuata kiungo hiki, shuka ngazi ile, rudi juu. Mpangilio wa ndani ukibadilika, programu zote zilizofuata njia ya zamani ziliharibika.

Mfano wa nyumbani unasaidia kuelewa. Tuseme kumbukumbu za wanafunzi zimewekwa kwa ngazi: wilaya, chini yake shule, chini yake wanafunzi. Wilaya ya Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni, mfumo wa namna hiyo ungehitaji kuhamisha matawi mazima na kurekebisha kila programu iliyopitia tawi la Kinondoni. Pia swali dogo lisilofuata mti, kama vile kujua watoto wote waliozaliwa mwaka fulani bila kujali shule, lingehitaji programu mpya. Ofisa elimu asingeweza kuuliza mwenyewe, angesubiri mtaalamu.

== Modeli ya uhusiano ==

Mwaka 1967 Codd alihamia maabara ya utafiti ya IBM mjini San Jose, California. Mwaka 1969 aliandika ripoti ya ndani ya kampuni iliyoeleza wazo lake, na Juni 1970 akachapisha makala kuhusu modeli ya uhusiano wa data kwa hazina kubwa za data zinazotumiwa na watu wengi. Makala hiyo ilitoka katika jarida la chama cha wanasayansi wa kompyuta, ACM, na ni miongoni mwa makala zenye athari kubwa zaidi katika historia ya fani hiyo.

Wazo lenyewe linatokana na nadharia ya seti na mantiki. Katika hisabati, uhusiano ni seti ya safu za thamani zinazokwenda pamoja. Codd alipendekeza kwamba data zote zionekane kwa mtumiaji kama mahusiano ya namna hiyo, ambayo kwa lugha ya kawaida ni majedwali.

Kwa mfano wa hapo juu, kungekuwa na majedwali mawili:

* jedwali la wanafunzi, lenye namba ya mwanafunzi, jina, mwaka wa kuzaliwa na namba ya shule;
* jedwali la shule, lenye namba ya shule, jina la shule na wilaya.

Hakuna kiungo kilichofichwa kati ya majedwali hayo. Yanaunganishwa na thamani iliyo wazi katika yote mawili, yaani namba ya shule. Wilaya ikigawanywa, kinachobadilishwa ni neno moja katika mstari wa kila shule iliyohama. Wanafunzi hawaguswi, na programu hazivunjiki.

Codd alieleza pia vitendo vichache vinavyotosha kujibu maswali mengi: kuchagua mistari inayotimiza sharti, kuchagua safu wima zinazotakiwa, na kuunganisha majedwali mawili kwa thamani inayofanana. Kila kitendo hupokea majedwali na kutoa jedwali, kwa hiyo jibu la swali moja linaweza kuulizwa swali lingine. Mtu anasema anachotaka. Kazi ya kutafuta njia ya kukipata inabaki kwa kompyuta.

Katika miaka iliyofuata aliongeza kanuni za kupanga majedwali vizuri, ziitwazo hatua za urasimishaji. Lengo lake ni kwamba jambo moja liandikwe mahali pamoja tu. Jina la shule likiandikwa kwenye mstari wa kila mwanafunzi, siku moja litabadilishwa kwa baadhi na kusahauliwa kwa wengine, na kumbukumbu zitaanza kupingana.

== Upinzani ndani ya IBM ==

Wazo la Codd halikupokelewa kwa furaha na wakubwa wake. IBM ilikuwa ikipata fedha nyingi kutokana na IMS, na bidhaa mpya ingeshindana na ile iliyokwisha kuuzwa kwa wateja wakubwa. Wahandisi wengi pia waliamini kwamba kompyuta haitaweza kutafuta njia nzuri kama mwanaprogramu hodari anavyoweza, hivyo mfumo wa majedwali utakuwa mzuri kwenye karatasi na mzito kwenye mashine.

Codd hakunyamaza. Aliendelea kuandika na kuwaeleza wateja wa IBM wenyewe, jambo lililoiweka kampuni katika hali ngumu. Mwaka 1974 alijadiliana hadharani na Charles Bachman katika mkutano uliofanyika Ann Arbor. Mjadala huo hukumbukwa kama pambano kati ya njia mbili: ile ya mwanaprogramu kuongoza kila hatua, na ile ya mtumiaji kueleza anachotaka tu.

Hatimaye IBM ilianzisha mradi wa majaribio mjini San Jose, ulioitwa System R. Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitunga lugha ya kuulizia maswali iliyoitwa SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa SQL. Patricia Selinger na wenzake walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kukadiria gharama ya njia mbalimbali na kuchagua iliyo nafuu. Hapo hoja ya uzito ilianza kupoteza nguvu.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong waliunda mfumo wa Ingres kwa kufuata makala za Codd. Kampuni iliyokuja kuitwa Oracle, ikiongozwa na Larry Ellison, nayo ilisoma machapisho ya IBM ikaanza kuuza hifadhidata ya SQL mwaka 1979. IBM yenyewe, nyumba ambamo wazo lilizaliwa, ilitoa SQL/DS mwaka 1981 na DB2 mwaka 1983. Kilichokuwa mkononi mwake tangu 1969 kilitangulia sokoni kwa jina la mwingine.

== Kanuni zake na kutoridhika kwake ==

Codd aliondoka IBM mwaka 1984. Akiwa na mwenzake Chris Date, mwandishi maarufu wa vitabu vya hifadhidata, alianzisha shughuli za ushauri.

Wakati huo kila muuzaji alidai bidhaa yake ni ya uhusiano, hata kama ilikuwa ya zamani iliyopakwa rangi mpya. Mwaka 1985 Codd alichapisha kanuni za kupima madai hayo. Huitwa kanuni 12 za Codd, ingawa kwa kuwa zimehesabiwa kuanzia 0 ziko 13. Mbili kati yake ni muhimu hasa kwa mambo yaliyofuata:

* Kanuni ya 3 inataka taarifa inayokosekana ishughulikiwe kwa utaratibu mmoja, tofauti na sifuri au nafasi tupu. Mwanafunzi ambaye alama yake haijulikani si mwanafunzi aliyepata sifuri.
* Kanuni ya 11 inataka mtumiaji asilazimike kujua kama data ziko katika kompyuta moja au zimegawanywa katika nyingi. Swali libaki lilelile.

Hakuridhika na SQL pia. Alilalamika kwamba inaruhusu mistari inayojirudia ndani ya jedwali, jambo ambalo haliwezekani katika seti, na kwamba ilikengeuka kutoka misingi ya hisabati. Hata hivyo SQL ilikubaliwa kuwa lugha sanifu, nchini Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987.

Yeye mwenyewe alikosolewa. Mwaka 1993 alitoa andiko lililoeneza jina la OLAP, yaani uchambuzi wa data nyingi kwa pande kadhaa kwa pamoja. Ilibainika kwamba andiko hilo lilikuwa limegharimiwa na kampuni iliyouza bidhaa ya aina hiyohiyo, na sifa yake ya kuwa mwamuzi asiyependelea upande ilitiwa doa.

== Kutoka hifadhidata moja hadi mtandao wa kompyuta zilizo sawa ==

Kanuni ya 11 ilikuwa rahisi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa IBM San Jose waliunda R*, mfumo uliogawanya majedwali kati ya kompyuta chache zilizojulikana na kuaminiana. Katika miaka ya 1990 kundi la Stonebraker huko Berkeley liliunda Mariposa, ambamo kompyuta zilishindana kama wafanyabiashara sokoni ili kupata kazi ya kujibu sehemu ya swali.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilienea mitandao ya kompyuta zilizo sawa, isiyo na seva kuu: kila kompyuta hutoa na hupokea, na huweza kuingia au kutoka wakati wowote. Septemba 2003, miezi mitano baada ya kifo cha Codd, Ryan Huebsch, Joseph Hellerstein na wenzao wa Berkeley walieleza katika mkutano wa Berlin mfumo wa PIER, uliokusudiwa kuendesha maswali ya majedwali juu ya mitandao ya namna hiyo. Katika majaribio ya kuigiza waliupima kwa maelfu ya kompyuta.

Namna unavyofanya kazi inaweza kuelezwa kwa shule tatu, moja Tegeta, moja Boko na moja Bunju, kila moja ikiwa na kompyuta na jedwali lake la wanafunzi. Swali ni hili: ni mwanafunzi gani ameandikishwa katika shule zaidi ya moja?

Njia ya kawaida ni kutuma majedwali yote kwenye kompyuta moja kuu. Hiyo inakula bando, na kompyuta kuu ikizimika kila mtu anakwama. Njia ya PIER ni tofauti. Kila shule huichukua namba ya kila mwanafunzi na kuipitisha katika hesabu moja inayojulikana na wote. Jibu la hesabu hiyo linaonyesha kompyuta ipi ipokee mstari huo. Kwa kuwa hesabu ni ileile, mistari yenye namba moja hukutana katika kompyuta moja, hata ikitoka shule tofauti. Kompyuta hiyo hulinganisha kilichoifikia na kumrudishia muulizaji jibu. Kinachosafiri ni namba ya mwanafunzi na jina la shule tu. Alama na anwani hubaki nyumbani.

Kompyuta zikiwa nyingi, hakuna inayozijua zote. Katika mpango wa Chord, uliotolewa mwaka 2001, kila moja huwajua jirani wachache waliochaguliwa kwa utaratibu maalumu, na kila hatua hupunguza umbali uliobaki kwa takribani nusu. Kwa hiyo katika mtandao wa kompyuta 1,000 ujumbe hufika kwa hatua zipatazo 10, na katika mtandao wa kompyuta 1,000,000 kwa hatua zipatazo 20.

Gharama ya uhuru huo ni uhakika. Umeme ukikatika Boko wakati wa kuuliza, jibu litatoka bila Boko. PIER ilikubali hali hiyo waziwazi: jibu ni la kompyuta zinazofikika kwa wakati ule. Kwa kuhesabu mafaili hilo si tatizo kubwa. Kwa kuhesabu wagonjwa ni tatizo, kwa sababu jumla iliyopungua haionekani kuwa imepungua, na mwenye kugawa dawa anaweza kuiamini. Ndiyo maana tahadhari ya Codd katika kanuni ya 3 ina uzito hapa pia: kisichojulikana kionekane kuwa hakijulikani, kisigeuzwe sifuri.

== Athari katika Afrika Mashariki ==

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulikuwa hifadhidata ya uhusiano katika kompyuta za kawaida za mezani. Uzoefu wake ulisaidia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria inayohifadhi kumbukumbu katika hifadhidata ya MySQL na ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi.

Wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda hukusanya ripoti za vituo vya afya kwa mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. DHIS2 hutumia PostgreSQL, hifadhidata iliyotokana na mradi wa Postgres wa Stonebraker, ambao nao ulifuata Ingres. Kwa njia hiyo, ofisa anayetaka kujua idadi ya watoto waliochanjwa mwezi uliopita katika wilaya yake anaweza kuuliza na kujibiwa bila kumwita mwanaprogramu, jambo ambalo Codd alilipigania tangu mwanzo.

== Miaka ya mwisho na kumbukumbu ==

Codd alipewa cheo cha Mtaalamu Mteule wa IBM mwaka 1976 na Tuzo ya Turing mwaka 1981. Mwaka 1990 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu toleo la pili la modeli yake, akiwa na kanuni zaidi ya 300. Wauzaji wachache walizifuata.

Alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Williams Island, Florida, tarehe 18 Aprili 2003, akiwa na umri wa miaka 79. Aliacha mke, Sharon, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa hifadhidata, na watoto wanne wa ndoa yake ya kwanza.

Mwaka 2004 kundi la ACM linaloshughulikia hifadhidata liliipa tuzo yake ya ubunifu jina la Edgar F. Codd.